Hari ya Usiku

Niliapa hospitalini. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda cha mume wangu, nimevaa nguo za juzi, nikamwambia Mungu kwamba akimwacha Shitanda hai, sitamsahihisha Kiswahili chake tena mpaka naingia kaburini. Mungu akasikia. Shitanda akaishi. Na mimi, kwa kujitia mtu wa kutimiza ahadi, nikakaribia kumpoteza mara ya pili.

Jina langu ni Edah, mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi hapa Kakamega, na ukiondoa ngeli, kazi yangu kubwa ilikuwa kuzitenganisha l na r. Huku kwetu herufi hizo mbili huazimana nguo. Mtoto anaandika kwamba amekura wari, mwenzake anaandika kwamba baba yake ameenda kupiga kula, na mimi na kalamu yangu nyekundu nazirudisha kila moja kwao. Nikitoka shuleni nazikuta zimenitangulia nyumbani, kwa sababu niliolewa na mtu wa Kabras ambaye kwake r ni r, na l pia ni r.

Siku aliponichumbia aliniambia, "Mwarimu, mimi nikirara nakuwaza."

"Ni nikilala," nikamrudishia.

"Haya. Na wewe ukirara unaniwazanga?"

Nikaolewa. Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo? Kwa miaka thelathini na minne nikamsahihisha mezani, shambani, hata kanisani katikati ya sala, naye akicheka tu na kuendelea. Alikuwa mlinzi wa msitu pale Isecheno, na baadaye mwelekezi wa wageni. Ndege aliwajua kwa sauti, miti aliijua kwa maganda yake, na wageni walimpenda pamoja na r zake zote.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Februari. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Upande wake wa kulia ukalegea, akaanguka ubavu, na nilipomwinua alikuwa amepoteza maneno yote. Kiharusi, daktari alisema.

Wiki ya tatu pale hospitalini aliniashiria nimpe kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto jinsi mtoto wa chekechea anavyoishika, jasho likimtoka, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa kwa herufi kubwa: UA RANGU. HARI YA USIKU.

Rangu! Kidole cha kalamu nyekundu kilinisisimka. Lakini nilikuwa nimeapa, nikameza mate. Isitoshe, mstari wa pili ulinifurahisha mno. Hari! Neno safi la vitabuni, hari kwa maana ya joto, neno ambalo hata walimu wenzangu hawakulitumia. Nilimwonyesha nesi ile karatasi. Mume wangu alikuwa ametoka katika kiharusi na msamiati mpya, na mimi nikajiona nimefundisha mtu.

Ua lenyewe nililijua, ingawa hatukuwa marafiki. Ilikuwa okidi, aliyopewa na mama mmoja wa Lugari, mmoja wa wale wanaolima mahindi kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Bustani ya mzungu ilibaki na magugu na okidi mbili, na huyo mama akamgawia Shitanda kipande. Okidi za msituni mume wangu hakugusa hata moja, na ole wake aliyegusa. Hii ya Lugari aliipanda kwenye mkebe wa rangi aliotoboa matundu, ndani akaweka maganda ya miti na vipande vya mkaa. Kwa chini inafanya vinundu vya kijani, kwa hiyo mimi niliiita kitunguu cha Shitanda. Kila Desemba kitunguu hicho kilitoa utepe mrefu wa maua ya rangi ya malai, yenye koo jekundu, na Shitanda aliyaonyesha majirani kama kwamba ameyazaa yeye. Alikwisha kunieleza mara nyingi jinsi ya kuyatunza. Mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari.

Tuliporudi nyumbani, hapa kwetu njia ya kwenda Shinyalu, nikatekeleza agizo. Jua likikaribia kutua nilibeba mkebe kutoka nje, pale ulipokuwa umekaa siku zote juu ya kibanda kikuukuu cha sungura, nikauingiza jikoni. Tunapikia kuni. Nikauweka hatua mbili kutoka kwenye mafiga, joto la makaa liufikie mpaka asubuhi. Kila Jumamosi nikaunywesha maji ya samadi. Majani yakarefuka, yakawa ya kijani kizito, mazuri ajabu. Nikajisifu.

Shitanda alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Siku ya kwanza alitikisa kichwa. Siku ya pili akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, akatoa sauti ya koo, na macho yakamtoka.

"Unataka kutoka, Baba Maurine? Haya, twende."

Nikamsukuma nje, nikamfunika blanketi, nikamwacha apunge upepo wa jioni. Ua likabaki motoni. Akapiga mkono wa kiti kwa ngumi. Nikamrudisha ndani nikidhani baridi imemzidi. Tulifanya hivyo karibu kila jioni kwa miezi. Nikikumbuka sasa nacheka, lakini nacheka nikiwa nimefunika uso.

Aliomba kalamu tena. Akaandika HARI.

"Ndiyo, baba. Joto. Nimeliongeza."

Nikausogeza mkebe hatua moja karibu na moto. Akaandika tena, akikandamiza karatasi mpaka ikatoboka: HARI. HARI. Nikausogeza tena. Akaitupa kalamu chini ya kabati, na hakuiomba tena. Desemba ikafika, kitunguu hakikutoa ua hata moja.

Hapo ndipo wazo baya lilipoanza kuniingia. Mtu anayeandika neno moja tu, akitimiziwa anakasirika, akitolewa nje anakasirika, akirudishwa ndani anakasirika, huyo kweli yumo? Watu walikuwa wameanza kuniambia kwamba hayumo. Nilikuwa nikimlisha obusuma, ugali wetu, kwa vidole vyangu, nikimwogesha, nikimwamulia la kuvaa, na polepole nikaanza kuzungumza mbele yake jinsi mtu anavyozungumza mbele ya kabati.

Ndugu yake mkubwa, Lazarus, analima miwa kule Malava, kwao Kabras. Ni mtu mwema, tena mwenye sauti ya kanisa. Alikuja mwezi wa Aprili, akaketi, akamsalimu Shitanda kwa kumpapasa kichwani, kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, hari yake unaiona mwenyewe. Haibadiriki. Na wewe unakonda. Tumeongea nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Tumrete Kabras, kure kuna wake wa vijana wangu, kuna watu wengi wa kumwangaria. Wewe uende ukae na binti yenu Maurine kure Nakuru, upumzike."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye anajua nini saa hii, shemeji? Ukimweka huku ama kure, kwake ni sawa."

Siku hiyo sikukubali. Lakini wiki mbili baadaye, baada ya usiku ambao nilibadilisha shuka mara tatu, nikampigia Lazarus simu. Nilisimama sebuleni, Shitanda kwenye kiti chake, hatua nne kutoka nilipo. Nikasema nimechoka. Nikasema kwamba mume wangu alishaondoka na ninachokilea ni mwili. Nikasema sawa, mje mumchukue Desemba, vijana watakapokuwa wamefunga kazi. Nilisema yote kwa sauti ya kawaida. Nikakata simu nikaenda kumenya viazi.

Mwisho wa Juni hospitali ikaniletea Chepkorir. Ni msichana wa Nandi Hills, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayezunguka kwa wagonjwa majumbani kila Alhamisi. Ana mikono ya nguvu na maneno machache. Siku ya kwanza alimnyoosha Shitanda mguu na bega, akamsemesha kana kwamba anajibiwa, kisha akaingia jikoni kunawa mikono. Akasimama.

"Mwalimu, hii okidi inapikwa?"

"Inaota moto," nikasema. "Ndivyo inavyotaka."

"Mamangu ako nazo tano kwa baraza. Sisi hatuingizangi ndani. Inalalanga nje, inapigwa na baridi, ndio inaamka kutoa maua. Ukiipasha moto hivi itakupatia majani tu mpaka uzeeke. Na hii rangi imezidi. Majani inafaa yakuwe kama limau inaanza kuiva. Hii imekaa gizani na imeshiba."

Damu ilinipanda. Mtoto wa juzi ananifundisha jikoni kwangu! Nikaenda chumbani, nikatoa ile karatasi ya dawa niliyoihifadhi ndani ya Biblia, nikaiweka mbele yake.

"Mwenyewe ndiye aliyeandika. Soma. Hari ya usiku."

Akasoma. "Hari ni nini?"

"Hari ni joto, binti. Kiswahili sanifu."

"Sijawahi sikia mtu akiisema." Akaikunja karatasi vizuri akanirudishia. "Na mzee, alikuwanga anasema hari?"

Shitanda hakuwahi kusema hari maishani mwake. Shitanda alisema joto, au alisema moto, au alivua shati. Neno hilo ni langu, la kabati la vitabu. Ila kulikuwa na hari moja aliyokuwa nayo kila siku ya Mungu. Akiingia kutoka Isecheno, akitundika kofia msumarini: "Hari yako, Mwarimu?" Redio ikitangaza mvua: "Sikiriza, hari ya hewa." Ndugu yake ameketi kwenye kochi langu miezi miwili iliyopita: hari yake haibadiriki. Na kwenye karatasi, juu ya neno hilo hilo, mmelitazama wenyewe, kulikuwa na RANGU imekaa wazi mchana kweupe.

Hali. Hali ya usiku. Jinsi usiku ulivyo huko nje.

Miaka thelathini na minne nilimsahihisha pale ambapo haikuhitajika. Siku niliyotakiwa kumsahihisha herufi moja tu, nilikuwa mtakatifu.

Nilitoka jikoni nikienda ovyo. Shitanda alikuwa sebuleni ameelekea ukutani, alivyozoea siku hizo. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamshika uso kwa mikono miwili.

"Baba Maurine. Ulitaka kusema hali? Hali, kwa l? Likae nje usiku, lipate baridi?"

Akafumba macho. Machozi yakamshuka mashavu yote mawili, hata lile la kulia lililolala, na kichwa chake kikaanza kutingishika juu chini, juu chini, bila kukoma. Kisha koo likatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwaka na miezi minne. Alikuwa anacheka. Mume wangu alikuwa ananicheka, na alikuwa na kila haki.

"Maneno yamo ndani, Mwalimu," Chepkorir alisema nyuma yangu. "Mlango ndio umekwama. Linalopata nafasi linatoka, na linatoka vile alikuwa analisema. Hawezi kulitafutia lingine."

Jioni hiyo mimi na Shitanda tulihamisha ua. Nilimsukuma mpaka nyuma ya nyumba, na kwa sababu ualimu haufi, nikamtega. Niliuweka mkebe chini ya mpera, kwenye kivuli kizito. Akatikisa kichwa. Nikauweka katikati ya uwanja ambapo jua la saa saba linaunguza. Akatikisa kichwa, tena kwa dharau. Nikauweka kando ya zizi penye samadi. Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyeandika jina lake vibaya. Nikaurudisha juu ya kibanda cha sungura, ukutani upande wa mashariki, lakini nikauelekeza vibaya kusudi. Akapinda mkono wa kushoto polepole: geuza. Zaidi kidogo. Basi. Nikampa kumi kwa kumi, nikaketi kwenye nyasi nikalia kwa raha. Alikuwemo. Muda wote alikuwa humo, amefungiwa na mke msomi.

Julai ikaja na baridi yake. Mvua inanyesha jioni, mawingu yanaondoka, na upepo wa msituni unashuka mpaka asubuhi unakuta umande umelowesha kila kitu. Mwaka mwingine ningelalamika. Mwaka huo nilikuwa nikiamka, navaa sweta, naenda kugusa majani ya okidi, na yakiwa baridi kama chupa ya maziwa nafurahi. Mama yake Chepkorir alinielekeza kwa simu kutoka Nandi Hills: maji ya mvua pekee, samadi niache kabisa, nilitie njaa kidogo. "Ukishiba sana huna haraka ya kuzaa," aliniambia, akacheka peke yake.

Nilimpigia Lazarus nikamweleza yote, hari na hali na kibanda cha sungura. Alisikiliza kwa upole.

"Shemeji, hayo ni mazoea. Hata ng'ombe anajua zizi rake. Desemba ni ire ire."

"Lazarus, mtu alicheka!"

"Hata mtoto mchanga anachekanga."

Nikagundua kwamba kukubali ni rahisi kuliko kubatilisha. Nilikuwa nimetoa neno mbele ya ukoo, wameshapaka chumba chokaa, wameshanunua godoro. Niliyesema mume wangu hayumo ni mimi, na sasa nani aniamini nikisema yumo? Usiku nililala nikihesabu wiki zilizobaki.

Mwanzoni mwa Oktoba, asubuhi, Shitanda akaanza kupiga mkono wa kiti. Nilikuwa nimemweka nyuma ya nyumba aote jua. Nikaja mbio. Alikuwa akinyooshea mkebe kidole. Chini, kati ya kinundu na jani, palikuwa pametokeza kitu kidogo cha kijani, urefu wa ukucha.

"Jani jipya," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akafanya vidole vyake kama mtu anayeandika. Zilikuwa zimepita zaidi ya miezi kumi na mbili tangu alipoitupa kalamu. Nikakimbilia ndani. Aliandika: UA.

Mimi sikuona tofauti yoyote. Lazarus alipopita Jumapili hiyo, akitoka mazishi ya mtu wa Shianda, nilimwonyesha kitu chenyewe na karatasi yenyewe. Akainama, akavaa miwani.

"Hiri ni jani, shemeji. Hata mimi mkurima naona."

"Yeye anasema ni ua."

"Yeye haoni hata..." Akaacha hapo, kwa adabu. "Basi tuseme hivi. Rikiwa jani, Desemba tunamchukua, na wewe usirie. Rikiwa ua, nitakaa chini niongee naye kama mtu."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi niliushika mzaha huo kwa mikono miwili. Lazarus alipoondoka, Shitanda akanivuta mkono. Akachukua kidole changu cha shahada, akakipeleka kwenye lile chipukizi, akakibonyeza taratibu. Halafu akakihamisha kwenye chipukizi jingine upande wa pili wa mkebe, ambalo nililijua kuwa jani. Akanirudisha kwenye la kwanza. Ndipo nikahisi. La jani lilikuwa bapa, limebanwa kama kisu. Hili lilikuwa duara, limejaa, na ndani yake kulikuwa na kitu laini. Niliogopa hata kupumua karibu nalo.

Miezi miwili iliyofuata sijui nilivyoimaliza. Subira huvuta heri, lakini aliyesema hivyo hakuwa na konokono. Nilizungushia kibanda majivu. Nilisimamisha kijiti, nikalifunga chipukizi kwa uzi wa sufu lisije likavunjwa na upepo. Likarefuka, likafika urefu wa mkono hadi kiwiko. Kufikia mwisho wa Novemba vilikuwa vimejipanga vifuko kumi na moja vya maua, vya rangi ya maziwa, na hata kipofu angejua kwamba hilo si jani, lakini sikumpigia Lazarus. Kifuko kinaweza kukauka. Chepkorir alikuwa ameniambia kwamba joto likija ghafla, vifuko hugeuka manjano vikaanguka vyote. Kila Alhamisi alikuja, akamnyoosha Shitanda, akamfundisha kuvuta pumzi na kutoa sauti, a, m, pa, kisha tukaenda sote watatu kuangalia.

Kifuko cha kwanza kilifunguka tarehe kumi na mbili Desemba. Sikupiga kelele. Nilimsukuma Shitanda mpaka pale, nikafunga breki ya kiti, tukaangalia ile rangi ya malai na lile koo jekundu mpaka uji ukapoa mezani. Kitu kizito kilichokuwa kimenikalia kifuani tangu Aprili kikanyanyuka, na nilijua saa kilipoondoka. Nilipumua mpaka mwisho wa mapafu.

Lazarus alifika siku tatu baadaye na gari la kukodi, godoro la kumlazia njiani limefungwa juu. Nilimpokea. Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Maua sita yalikuwa yamefunguka, na Shitanda alikuwa kando yake amevaa shati alilolichagua mwenyewe.

Lazarus alisimama. Akavua kofia. Akaangalia ua, akamwangalia ndugu yake, akaangalia ua tena. Nilidhani atatoa mzaha. Badala yake mzee huyo wa miaka sabini na moja alivuta suruali kwenye magoti, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Shitanda, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akamsemesha yeye.

"Ndugu yangu. Mimi nimekuja na gari. Unataka kwenda na mimi Kabras, ama unataka kubaki hapa kwako?"

Shitanda hakuharakisha. Aliweka mkono wake wa kushoto begani mwa Lazarus, akaukandamiza kidogo, kisha akatikisa kichwa mara moja: haendi.

"Nimesikia," Lazarus akasema. Sauti ya kanisa ilikuwa imempotea. "Unisamehe. Nirikuwa nakupapasa kichwa kama mtoto."

Alikula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, akanywa chai, akamsimulia ndugu yake habari za miwa na za kesi ya mpaka, akisubiri kila mara kichwa kiitikie. Alipoondoka aliliacha godoro. Alisema atakuja kulilalia yeye mwenyewe mwezi wa Januari, akae nasi wiki nzima, nami niende Nakuru nimwone Maurine.

Gari lilipopotea njiani nilirudi jikoni, nikateleka chai nyingine, nikamsogeza Shitanda karibu. Furaha ilikuwa imenijaa, lakini chini yake kulikuwa na mwiba, na niliona heri niung'oe siku hiyo hiyo.

"Baba Maurine. Aprili, nilipompigia Lazarus simu pale sebuleni. Ulisikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Yote?"

Akaitikia.

"Niliposema kwamba ulishaondoka? Kwamba ninalea mwili?"

Hakuondoa macho kwangu. Akaitikia, polepole.

"Na nikasema kwamba nimechoka."

Niliinama juu ya mafiga nikijifanya nachochea kuni, machozi yakaanguka kwenye majivu. Miezi minane alikuwa ameishi na maneno hayo, amekaa nayo kwenye kiti kile, huku mimi nikimfuta mdomo. Nikasikia nyuma yangu anavuta pumzi jinsi Chepkorir alivyomfundisha. Akatoa sauti, ikakatika. Akavuta tena. Nikageuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, midomo inatafuta pa kukutania, na mkono wa kushoto umenyooka unaonyesha kigoda kilichokuwa karibu na goti lake.

"Pu," akasema. "Pu... mzika."

Lilitoka lote, limenyooka, kila herufi mahali pake. Nikavuta kigoda nikaketi. Chai ikachemka, ikafurika, ikazima moto nusu, na mimi sikuinuka.